Kompyuta Inavyofunzwa Kutambua Lugha ya Ishara ya Kenya

Asubuhi kwenye steji ya Ruiru, makanga akiinua vidole vitano juu ya vichwa vya abiria, hakuna anayeuliza maana yake. Nauli ni shilingi hamsini. Dakika chache baadaye akiinua kidole kimoja, hakuna anayedhani nauli imeshuka hadi shilingi kumi. Kila mtu anajua kwamba kimebaki kiti kimoja. Mkono ni ule ule, maana ni mbili, na kinachozitenganisha ni hali ilivyo pale steji: gari limejaa, dereva ameshawasha injini, makanga anatazama huku na huku. Abiria amejifunza hayo kwa miaka ya kupanda matatu. Kompyuta haijawahi kupanda matatu.

Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wakaazi wengi wa Thika na Ruiru wamelisikia likitajwa juu juu: kwamba kompyuta, na hata simu ya mkononi, inaweza kuangalia picha ya mtu anayezungumza kwa mikono na kueleza anachosema. Habari hiyo ni ya kweli kwa kiasi. Kiasi hicho ndicho kinachofaa kueleweka vizuri, kwa sababu chombo cha aina hiyo kikiwekwa kwenye dirisha la ofisi ya umma, mwananchi kiziwi aliye upande wa pili wa dirisha ndiye atakayebeba gharama ya makosa yake.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 153,361 nchini wenye umri wa miaka mitano na zaidi ambao wana matatizo ya kusikia. Si wote wanaotumia ishara. Wengine walipoteza uwezo wa kusikia ukubwani na wanaendelea kuzungumza kwa mdomo. Lakini kwa maelfu ya Wakenya, Lugha ya Ishara ya Kenya ndiyo lugha ya kwanza, ya nyumbani na ya shuleni. Eneo hili si geni kwa elimu ya watu wenye ulemavu. Thika ina Shule ya Wasioona na shule ya Joytown ya watoto wenye ulemavu wa viungo, na Kambui, upande wa Githunguri, kuna shule ya viziwi. Watoto wa shule hizo hukua, hutafuta kazi, hufungua biashara, hupanga foleni hospitalini na kwenye kituo cha Huduma kama mtu mwingine yeyote.

Sheria nayo iko wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka Serikali kukuza na kuendeleza matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara au njia nyingine inayofaa ya mawasiliano. Kifungu cha 120 kinaitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

LUGHA KAMILI, SI KUIGIZA KWA MIKONO

Vidole vya makanga si lugha. Ni alama chache zinazotosha kazi moja. Lugha ya Ishara ya Kenya ina msamiati wake, sarufi yake na mpangilio wake wa sentensi, ambao haufuati Kiswahili wala Kiingereza. Wanafunzi viziwi huisoma kama somo na kuifanyia mtihani wa kitaifa. Tena si lugha ya ulimwengu mzima: kiziwi wa Kenya na kiziwi wa Uingereza wana lugha mbili tofauti.

Wataalamu wa lugha za ishara, tangu kazi ya Mmarekani William Stokoe ya 1960, huigawa ishara moja katika sehemu kadhaa. Kuna umbo la kiganja na vidole. Kuna mahali mkono ulipo: kwenye paji la uso, kidevuni, kifuani. Kuna mwendo wa mkono. Kuna upande ambao kiganja kimeelekea. Na kuna uso wenyewe, kwa maana nyusi, macho, mdomo na mabega hubeba sarufi. Nyusi zikibadilika, kauli inaweza kugeuka kuwa swali ilhali mikono haijabadilika hata kidogo. Badilisha sehemu moja tu kati ya hizi na unaweza kupata neno jingine kabisa, kama vile "pata" na "pita" zinavyotenganishwa na irabu moja.

Msomaji akumbuke orodha hiyo, kwa sababu picha ya kawaida huhifadhi baadhi ya sehemu hizo na kupoteza nyingine.

PICHA NI JEDWALI LA NAMBA

Kompyuta haioni mkono. Inachopewa ni namba. Picha ya kidijitali imegawanywa katika nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli, na kila pikseli ina namba inayoonyesha mwangaza: 0 ni nyeusi kabisa, 255 ni nyeupe kabisa. Picha ya rangi ina namba tatu kwa kila nukta, za nyekundu, kijani na buluu. Picha ndogo yenye upana wa pikseli 224 na urefu wa pikseli 224 ina namba 150,528. Kazi yote ni kutoka kwenye namba hizo laki moja na nusu hadi kufikia neno moja, kwa mfano "rafiki".

Zamani mtaalamu wa programu angejaribu kuandika kanuni mwenyewe: kidole kikiwa hivi na gumba likiwa vile, basi ni neno fulani. Kanuni hizo zilivunjika kila mtu mwingine alipokuja na mikono minene au shati la mistari. Ujifunzaji wa kina unafanya kinyume. Kompyuta hupewa picha nyingi, kila moja ikiwa na jibu lake, na huachwa itafute kanuni yenyewe. Chombo kinachotumika huitwa mtandao wa neva bandia. Unaitwa wa kina kwa kuwa una tabaka nyingi, moja juu ya nyingine, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Kila tabaka hufanyia kazi matokeo ya tabaka iliyo chini yake.

Tabaka za mwanzo hutafuta vitu vidogo sana, kama kingo: mahali ambapo mwanga unakutana na giza. Hufanya hivyo kwa kutumia kichujio, yaani jedwali dogo la namba linalopitishwa juu ya picha kipande kwa kipande. Chukua kichujio hiki chenye mistari mitatu inayofanana:

−1   0   1
−1   0   1
−1   0   1

Kiweke juu ya kipande cha picha ambacho upande wa kushoto na katikati ni giza na kulia ni mwanga:

20   20   200
20   20   200
20   20   200

Zidisha kila namba na mwenzake, kisha jumlisha. Kila mstari unatoa −20 + 0 + 200, yaani 180. Mistari mitatu inatoa 540, namba kubwa, na kompyuta inaweka alama: hapa pana ukingo. Lau kipande chote kingekuwa 20 tupu, jibu lingekuwa 0, kwamba hapa hapana kitu. Hesabu ni hiyo tu, ya darasa la saba, ila inarudiwa mara mamilioni.

Sasa badilisha namba. Tuseme mkono mweusi uko mbele ya koti jeusi, ndani ya chumba chenye balbu hafifu: kushoto na katikati ni 60, kulia ni 75. Kila mstari unatoa 15, jumla 45. Ukingo upo, lakini ni dhaifu mara kumi na mbili kuliko ule wa kwanza. Ndiyo maana wakalimani wa ishara kwenye televisheni huvaa nguo isiyo na mapambo na yenye rangi tofauti na ngozi yao. Jicho la binadamu linahitaji tofauti hiyo, na kompyuta inaihitaji zaidi. Mtandao uliofunzwa kwa picha za studio zenye mwanga mwingi, mikono ya watu weupe tupu, utapata shida pindi uletwapo Makongeni jioni. Si kwa sababu una ubaguzi moyoni, maana hauna moyo, bali kwa sababu haukuwahi kuonyeshwa namba za aina hiyo.

Tabaka zinazofuata huunganisha kingo kuwa mikunjo, mikunjo kuwa vidole, vidole kuwa umbo la mkono. Hakuna anayeziambia zitafute kidole. Mwanzoni namba za vichujio ni za kubahatisha na majibu ni ovyo. Kila jibu likikosewa, kompyuta hupima ukubwa wa kosa na kurekebisha kila namba kidogo kuelekea upande unaopunguza kosa hilo. Picha ikipita mara nyingi, vichujio hujipanga. Na kwa kuwa kuanzia mwanzo kunahitaji picha mamilioni, wengi huchukua mtandao uliokwisha kufunzwa kwa picha za kawaida za mbwa, magari na vikombe, kama zile za mkusanyiko wa ImageNet, halafu huufunza tabaka za mwisho tu kwa picha za ishara. Ukingo wa kikombe na ukingo wa kidole ni hesabu ile ile.

ISHARA TISA

Mfano wa Kenya upo. Miaka michache iliyopita, jukwaa la Zindi, ambalo huwakutanisha wataalamu wa data wa Afrika kwa mashindano, liliweka changamoto ya kutambua Lugha ya Ishara ya Kenya kutoka kwenye picha. Picha hizo, maelfu kadhaa, zilikusanywa na Wakenya wa kawaida kwa simu zao kupitia programu ya Google iitwayo Task Mate. Washindani walipewa picha zenye majibu ili wafunze mitandao yao, kisha picha nyingine zisizo na majibu ili wapimwe.

Ishara zilikuwa tisa: kanisa, msikiti, hekalu, upendo, rafiki, mimi, wewe, kiti, na ya tisa ni ya kutosheka.

Uzuri wa mkusanyiko huo ni kwamba picha zilipigwa sebuleni, uani na barabarani, na watu wenye simu za kila aina. Kuna mapazia, kuna nguo za kila rangi, kuna picha zilizopinda. Huo ndio ulimwengu wenyewe. Na hata maneno mepesi yana mitego. "Mimi" na "wewe" yote ni kunyoosha kidole, kimoja kifuani na kingine kwa mwenzako. Lakini mwenzako akiwa ndiye mpiga picha, kidole kinaelekea kwenye kamera moja kwa moja, na kwenye picha hakina urefu. Kinabaki kama nukta mbele ya ngumi. Binadamu anaelewa mara moja kwamba ananyooshewa yeye. Mashine inalazimika kujifunza kwamba nukta ile ni kidole.

Alfabeti ya vidole ni ngumu zaidi kwenye picha. Viziwi huitumia kutaja majina ya watu na ya mahali, na alfabeti ya Kenya inafanana sana na ya Marekani, ya mkono mmoja. A, E, M, N na S zote ni ngumi kwa kutazama haraka. Tofauti ni gumba limekaa wapi. Mkusanyiko mmoja wa alfabeti ya Marekani unaotumiwa sana na wanaoanza una picha 27,455 za kufunzia na 7,172 za kupimia, kila moja ya pikseli 28 kwa 28. Herufi zake ni 24 tu. J na Z hazimo, kwa sababu J huchorwa hewani kwa kidole cha mwisho na Z kwa kidole cha shahada. Picha iliyoganda haiwezi kubeba mwendo. Kwa hiyo programu iliyofunzwa kwa mkusanyiko huo haiwezi kuandika jina la Juja.

ISHARA YA KUMI

Hapa ndipo penye hatari, na pafaa pasomwe polepole.

Mtandao wa ishara tisa, ukipewa picha, hutoa alama tisa, moja kwa kila neno. Kisha alama hizo hugeuzwa kuwa asilimia kwa kanuni inayohakikisha kwamba jumla ni 100 siku zote. Kwa urahisi tuseme maneno ni matatu tu na alama ni 2.0 kwa "rafiki", 1.0 kwa "kiti" na 0.1 kwa "kanisa". Kanuni itazigeuza kuwa takribani asilimia 66, 24 na 10. Jibu litakalotokea kwenye kioo ni "rafiki".

Je, picha ikiwa si ya neno lolote kati ya hayo? Asilimia bado zitajumlika kuwa 100. Neno moja lazima lishinde. Mtandao haukupewa nafasi ya kusema "sijui".

Fikiria hospitali yoyote, saa nane usiku. Mama kiziwi ameingia na mtoto mwenye homa. Muuguzi hajui ishara, mkalimani hayupo, lakini kuna simu yenye programu. Mama anaonyesha ishara ya dawa aliyompa mtoto jioni, au ya degedege, au ya kutapika. Hakuna hata moja iliyo kati ya tisa. Programu haitanyamaza. Itaandika "upendo" au "kiti", pengine kwa asilimia 90. "Kiti" si kosa kubwa, maana muuguzi ataona kuwa ni upuzi. Hatari ni siku ambayo kosa litaonekana kama jibu la maana: programu yenye maneno ya hospitali ikiandika "leo" badala ya "jana", au "ndiyo" badala ya swali, na hakuna atakayeshtuka.

Zipo njia za kupunguza hatari hiyo. Mtandao unaweza kufunzwa kwa kundi la ziada lenye picha za ishara nyingine na za watu wasioonyesha ishara yoyote, ili uwe na pa kutupia usichokijua. Unaweza kuwekewa kikomo: chini ya asilimia fulani, usitoe neno, andika kwamba haujatambua. Hata hivyo, mitandao hii ina tabia ya kujiamini kupita kiasi, kwa hiyo kikomo hakitoshi peke yake. Kinga iliyo bora ni ya kibinadamu na ni rahisi: neno lililotambuliwa lirudishwe kwa kiziwi mwenyewe, kwa picha au kwa ishara kwenye kioo, aseme ndiyo au hapana kabla ya jambo lolote kuandikwa kwenye faili. Programu nyingi za majaribio hazina hatua hiyo. Zinamtafsiria mtu mgongoni mwake.

MTIHANI ULIOVUJA

Mwananchi akiambiwa kwamba mfumo fulani ni sahihi kwa asilimia 99, swali la kwanza liwe: ulipimwa kwa picha za nani?

Tuseme vijana wa Thika wamepiga picha za watu sita. Kila mtu ameonyesha ishara tisa, kila ishara mara ishirini. Jumla ni picha 1,080. Wakizichanganya zote na kuchagua theluthi moja ya kupimia bila kuangalia ni za nani, mtandao utapimwa kwa sura zile zile, mashati yale yale na ukuta ule ule uliofunzwa nao. Unaweza kufaulu kwa kukumbuka kwamba mwenye sweta nyekundu alikuwa anaonyesha "kanisa" akiwa amesimama karibu na dirisha. Ni sawa na mwanafunzi aliyeona karatasi ya mtihani usiku wa kuamkia siku yenyewe. Alama ni za kweli, ujuzi haupo.

Njia ya haki ni kugawa kwa watu. Wanne watoe picha 720 za kufunzia, wawili wasionekane kabisa hadi siku ya mtihani, na picha zao 360 ndizo zipime. Kwa kawaida asilimia hushuka, wakati mwingine kwa aibu. Lakini asilimia hiyo iliyoshuka ndiyo inayoeleza kitakachotokea mgeni atakapoingia ofisini. Ni mada inayopendwa na wanafunzi wa kompyuta wanapotafuta mradi wa mwaka wa mwisho, na eneo lenye vyuo vikuu Juja na Thika halikosi wanafunzi wa aina hiyo. Wengi wao hufanya kosa hili bila kujua.

Inafaa pia kuuliza ni ishara gani zinazochanganywa. Mfumo unaopata ishara nane kati ya tisa kila mara na kukosa moja kila mara una wastani unaokaribia asilimia 89, na wastani huo haumsaidii chochote mwenye neno hilo la tisa.

KINACHOSONGA, NA USO

Kwa kuwa ishara nyingi zina mwendo, kazi ya sasa imehamia kwenye video. Njia moja ni kutumia kwanza programu inayotafuta viungo vya mkono. MediaPipe ya Google, kwa mfano, huweka nukta 21 kwenye kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole. Kila nukta ina namba tatu, kwa hiyo mikono miwili ni namba 126 kwa kila picha, badala ya laki moja na nusu. Mtandao wa pili hufuata namba hizo zinavyobadilika kutoka picha moja hadi nyingine, na hapo J na Z zinawezekana. Rangi ya ukuta haina uzito tena kama mwanzo, na kazi inaweza kufanyika ndani ya simu yenyewe bila intaneti. Bado nukta za mkono hazina nyusi. Ni lazima uso nao ufuatwe.

Wakenya kadhaa wameingia katika kazi hii kwa njia tofauti. Roy Allela alitengeneza glavu za Sign-IO, zenye vihisio vinavyopima mkunjo wa kila vidole na kutuma matokeo kwenye simu ili yasomwe kwa sauti. Alianza kwa ajili ya mpwa wake aliyezaliwa kiziwi. Glavu hazijali mwanga wala rangi ya ngozi, ila haziuoni uso. Chuo Kikuu cha Maseno kimeongoza utafiti wa kukusanya sentensi na video za Lugha ya Ishara ya Kenya, ukiwashirikisha walimu viziwi, kwa lengo la kutafsiri Kiingereza kinachozungumzwa darasani kuwa ishara. Na 2025, Elly Savatia alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kwa Terp 360, programu inayogeuza maneno kuwa ishara zinazoonyeshwa na sanamu ya mtu kwenye kioo.

Miradi miwili ya mwisho inatoka kwenye maneno kwenda kwenye ishara. Inamwezesha kiziwi kufahamu anachoambiwa. Upande wa pili, wa kumsikiliza kiziwi, ndio mgumu zaidi, na ndio uliobaki nyuma. Kwenye dirisha la ofisi pande zote mbili zinahitajika. Anayeambiwa tu bila kusikilizwa hajahudumiwa.

PICHA NI ZA WENYEWE

Kufunza mtandao kunahitaji picha za watu, na mara nyingi nyuso zao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu ajulishwe data yake inakusanywa kwa kazi gani, na kwa mtoto idhini itoke kwa mzazi au mlezi. Idhini iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu na kusainiwa na mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni ishara haina uzito. Ielezwe kwa ishara. Anayeombwa picha ana haki ya kukataa, na kukataa kusimnyime huduma.

Kuna jambo jingine ambalo fomu za idhini hazisemi. Ishara hutofautiana kutoka shule hadi shule na eneo hadi eneo, na wazee na vijana hawaonyeshi kila neno sawasawa. Mkusanyaji asiyejua lugha atachukua ishara ya mtu mmoja na kuiita ndiyo sahihi, na wengine wote watahesabiwa na mashine kuwa wamekosea lugha yao wenyewe. Kwa hiyo kazi ianze na viziwi, kwenye kuchagua maneno, kabla ya kamera kuwashwa. Viziwi wa Thika wakiulizwa maneno tisa ya kwanza wanayohitaji yaeleweke kwenye kaunta ya umma, hakuna hakika kwamba "hekalu" na "kiti" yatakuwemo.

Na hadi chombo cha kuaminika kipatikane, mwananchi kiziwi anaweza kudai mkalimani, na afisa wa umma asimpe simu badala yake. Kuandikiana kwenye karatasi husaidia kwa jambo fupi kama namba ya risiti. Hakufai kwa maelezo ya ugonjwa au ya kesi, kwa kuwa Kiswahili na Kiingereza cha kuandika ni lugha ya pili kwa viziwi wengi.

ZOEZI

Chukua kichujio kile kile cha −1, 0, 1. Kiweke juu ya kipande ambacho mwanga uko kushoto na katikati, na giza liko kulia: 200, 200, 20, mara tatu. Jumla ni ngapi, na je, kompyuta itaona ukingo?

Jibu: kila mstari unatoa −200 + 0 + 20, yaani −180, na jumla ni −540. Ukingo ni mkali sawa na wa kwanza, ila umeelekea upande mwingine. Mitandao mingi hugeuza kila namba iliyo chini ya sifuri kuwa 0 kabla ya kuipeleka tabaka inayofuata, kwa hiyo kichujio hiki hakitauona. Kidole kina pande mbili. Kichujio hiki kinaona upande mmoja tu, na mtandao unahitaji kingine chenye 1, 0, −1 kwa ajili ya upande wa pili.